Barua ya wazi kwa wachungaji wa Malindi: Aliyezaa ndiye mnayempigisha magoti

Kwa maaskofu, mapadri, wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, Malindi mjini na vijiji vyake.

Bwana asifiwe. Na kwa mapadri wetu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia juu ya mahubiri ya kutoa mimba. Sikuja kuwaomba mbadili mafundisho. Naamini mnavyoamini, kwamba mtoto ni mtoto tangu tumboni, na hata Katiba yetu, ibara ya 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Neno langu ni la ndani ya nyumba. Namna tunavyomtenda msichana aliyepata mimba nje ya ndoa ndiyo inayowapeleka wenzake kwenda kuzitoa zao. Mdomo unakemea, mkono unalipa nauli.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimezalisha katika zahanati za huku kwetu, upande wa Gede na upande wa Marafa, na kanisani nina miaka mingi kuliko niliyokaa kazini. Wasichana hawa nawajua kwa sura zote mbili: Jumapili asubuhi wamevaa majoho ya kwaya, na siku nyingine usiku wameletwa na bodaboda, leso zimelowa damu, na aliyewaleta hataki kutaja jina lake.

Wengi wenu mambo haya huwafikia yakiwa yamekwisha kupikwa na kamati, kwa hiyo nivumilieni niyaeleze yanavyokwenda. Tumbo likianza kuonekana, mama mmoja wa ushirika humvuta mamake pembeni. Kisha msichana huitwa mbele ya wazee. Huulizwa lini, wapi na mara ngapi, maswali ambayo mimi niliyesomea kazi hii sikuwahi kuyauliza yote, tena huulizwa na wanaume wa umri wa babu yake. Anatolewa kwenye kwaya. Ananyimwa Meza ya Bwana. Jumapili inayofuata jina lake linasomwa katikati ya matangazo, baada ya harambee ya mabati na kabla ya tangazo la arusi. Anasimama mbele, anapiga magoti, anaomba radhi. Anawekwa nje mpaka ajifungue ndipo arudishwe kundini, na mtoto naye yako makanisa yanayomwombea siku ya katikati ya wiki, watu wakiwa hawapo.

Siku moja nilikuwepo, na hapa nimebadilisha mambo mawili matatu ili wahusika wasitambulike. Msichana wa kidato cha tatu alisimama mbele ya madhabahu amevaa gauni la mamake lililofumuliwa mshono ubavuni. Joho lake la kwaya alikuwa amekwisha kuvalishwa mwingine, mwembamba kidogo, mabega yamebanwa kwa pini. Alisema maneno aliyofundishwa kusema. Nyuma yake kinanda kilipigwa taratibu, vile kinavyopigwa wakati wa toba, na aliyekuwa akikipiga ndiye aliyempa ile mimba. Benchi zima la akina mama lilijua. Kijana hakuacha kupiga, wala hakuna aliyemwambia aache.

Mimi sikumtazama sana yule binti. Niliwatazama wasichana waliobaki kwenye mistari ya kwaya. Mkunga hujua mambo ambayo mchungaji hayajui, na siri za wagonjwa nitazikwa nazo, ila hili naweza kulisema bila kumgusa mtu: katika makanisa yetu, aliyetii mahubiri yenu akaibeba mimba yake ndiye anayepigishwa magoti, na aliyeitoa anaendelea kuimba sauti ya kwanza. Wasichana wanaona. Hawahitaji semina ili waelewe lipi linaadhibiwa na lipi halijulikani. Binti wa miaka 16 mwenye akili zake timamu, mnadhani atachagua nini?

Mathayo anatupa habari za Yusufu alipojua kwamba Mariamu ana mimba isiyo yake. Sheria ilikuwa upande wake, na angeweza kumweka mbele ya watu. Hakutaka kumwaibisha, akaona heri amwache kwa siri. Someni tena kwa mpangilio wake: Mathayo anamwita mtu wa haki kabla malaika hajamjia, kabla hajaambiwa lolote juu ya Roho Mtakatifu. Haki yake ilikuwa ni huko kukataa kumwaibisha. Kila Desemba tunaigiza kisa hiki, Yusufu amevaa kanzu ya kuazima kwa jirani Mwislamu, watu wanapiga makofi. Januari kamati inakaa.

Na kwa kuwa nimemtaja jirani Mwislamu, nimalizie. Mji wetu huu tunaishi ukuta kwa ukuta, mnaufahamu. Namjua binti aliyefukuzwa na babake, mzee wa kanisa, kwa sababu nafasi yake katika kamati ingekuwa taabuni. Aliyempokea ni mama wa nyumba ya pili, mtu wa swala tano, akampa chumba cha uani, akamtunza hadi akajifungua, akamkanda na kumpikia uji kama mzazi wake. Ushirika wetu wa akina mama ulijua. Hakuna aliyepeleka hata mche wa sabuni. Mtoto huyo yuko shule sasa. Mkitafuta mtu wa kumshukuru kwa uhai wake, mlango wa kubisha si wa kanisa.

Sasa tuwaseme wanaume, maana katika mahubiri yenu hawapo. Nimesikia mahubiri mengi juu ya jambo hili na katika karibu yote mimba hujitokeza yenyewe tu. Malindi tunajua zinakotoka. Zinatoka kwenye disko matanga, muziki wa kukesha kwenye msiba, ambako mtoto aliyekwenda kumlilia nyanya yake anarudi alfajiri. Zinatoka kwa mwendesha bodaboda anayempakia bure mwanafunzi anayetembea mbali kwenda shule. Zinatoka ufuoni, kwa wageni na kwa wenyeji wanaowatafutia wageni. Na zinatoka nyumbani, kwa mjomba na kwa baba wa kambo, na hizi ndizo zinazotolewa upesi kuliko zote, mara nyingi kwa amri ya mtu mzima anayejua kwa nini anaharakisha. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014 ulionyesha kwamba katika Kaunti ya Kilifi asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 18.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na anayelala naye amemnajisi, hata akiwa mwimbaji mzuri, hata akiwa anatoa fungu la kumi. Lakini mara ngapi wazee wa kanisa wamekalishwa mkekani kuwa mashahidi wa kuyamaliza nyumbani, mbuzi kadhaa na ahadi ya kulea? Hapo kanisa linakuwa sehemu ya kosa. Mhubiri akisimama Jumapili kukemea utoaji mimba, na Jumamosi alikunywa chai kwenye mapatano ya namna hiyo, binti yule atamwamini kwa lipi?

Kuna hizi video nazo. Katika semina za vijana siku hizi projekta inawashwa na tunaonyeshwa mahubiri ya Marekani, picha za viungo vya watoto, muziki wa kuogofya, na kijana wa mitambo anatafsiri nusu nusu. Sijui nani aliamua kwamba msichana wa Kakuyuni ataokolewa na ugomvi wa vyama vya siasa vya Washington. Lakini kama ni Marekani, basi tusikie na hili lao. Mwaka 2015 Lifeway, taasisi ya utafiti iliyo chini ya Wabaptisti wa Kusini, watu wasioweza kushukiwa kuwa wanatetea utoaji mimba, iliwauliza wanawake zaidi ya 1,000 waliowahi kutoa mimba. Zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wakienda kanisani angalau mara moja kwa mwezi wakati walipotoa mimba kwa mara ya kwanza. Waliozungumza na mtu yeyote wa kanisani juu ya uamuzi ule walikuwa asilimia 7. Yaani hata kule kunakotoka hizo video, wanaohubiriwa ndio wanaotoa, na wanaotoa hawawaambii wanaowahubiria.

Kwetu hali si nyingine. Wizara ya Afya na watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya kilichoko Nairobi, walikadiria kwamba mwaka 2012 pekee mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini Kenya, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Nchi hii kwa sehemu kubwa ni ya Wakristo. Mnaposema “hao wauaji”, hao wameketi mbele yenu, wameshika Biblia, na noti ya sadaka imekunjwa kiganjani.

Wako na wengine mnaowajeruhi bila kujua. Mke wa mtu aliyepoteza mimba ya miezi mitano bila kupenda, akazika kitu kidogo ambacho hakuna aliyekifanyia matanga, anakaa kusikiliza habari za mikono yenye damu, na jirani yake wa benchi anamtupia jicho. Mwingine mimba yake ilijishika kwenye mrija, nje ya mji wa mimba, akafanyiwa upasuaji usiku kwa sababu bila hivyo wangekufa wote wawili. Miaka inapita bado ananiuliza kama alitoa mimba. Aliambiwa na mama mchungaji kwamba imani ingetosha.

Hapo ndipo ninapokasirika, niseme kweli. Sisi watu wa Malindi tuna sababu kuliko Wakenya wote ya kuogopa mhubiri anayewazuia watu kwenda hospitali. Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa, iko huku kwetu. Mwaka 2023 na baada yake miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, mingine tukiwafahamu ndugu zake. Neno la mimbarini huku linaweza kumweka mtu ndani na damu inamtoka mpaka inakwisha. Kwa hiyo pamoja na lolote mtakalolisema juu ya dhambi, naomba mseme na hili, kwa sauti ile ile: mwanamke mjamzito, au aliyetoka kwenye ujauzito kwa njia yoyote ile, akitokwa na damu nyingi, akishikwa na homa, akiumwa tumbo vikali au akitokwa na uchafu wenye harufu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Mwombeeni njiani. Maswali yangojee.

Mtaniambia kuna sheria. Ipo. Kanuni ya Adhabu inataja miaka 14 ya jela kwa anayemtoa mwenzake mimba na miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na nimesikia mkiitaja hesabu hiyo kwa ufasaha. Lakini ibara ile ile ya 26 mnayoipenda ina kifungu cha nne: utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa kama, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, matibabu ya dharura yanahitajika, au uhai ama afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Nakumbuka mwaka 2010 makanisa mengi yalipiga kampeni Katiba ikataliwe kwa ajili ya maneno hayo, pamoja na suala la mahakama za Kadhi. Wananchi waliipitisha. Na tangu hapo sijasikia mahali hapa mhubiri akiwasomea washirika kifungu kizima. Husomwa nusu ya kwanza, Biblia inafunguliwa.

Nusu ya pili imeshawahi kutuletea kesi. Mwaka 2019 msichana wa shule wa kaunti yetu alifika kwenye kituo cha afya upande wa Ganze, mimba imemharibikia, anaumwa na kutokwa na damu. Tabibu akamhudumia. Polisi wakaingia, wakamkamata tabibu na mgonjwa pamoja, wote wawili wakashtakiwa. Machi 2022 Mahakama Kuu ya hapa Malindi, mbele ya Jaji Reuben Nyakundi, ikayafuta mashtaka hayo. Rufaa zikafuata, na mabishano ya mawakili juu ya haki na isiyo haki siyawezi, sitajifanya. Mimi nimebaki na lile jambo moja tu la kwanza: mtoto wa shule aliyekuwa akivuja damu aliondolewa kwenye matibabu na polisi. Habari ile ilipofika mitaani, wanawake hawakujifunza kuacha kutoa mimba. Walijifunza kutokwenda hospitali. Niliwaona walivyochelewa.

Kwa mapadri nina neno fupi. Waumini wenu wengi wangali wanaamini kwamba dhambi hii haiondolewi ila na askofu. Papa Fransisko, katika barua yake ya Novemba 2016, mwishoni mwa Mwaka wa Huruma, aliwapa mapadri wote uwezo wa kuiondolea bila ukomo wa muda. Na kabla yake Papa Yohane Paulo II, mwaka 1995, aliwaandikia wanawake waliotoa mimba maneno ya kuwainua, akikiri kwamba mengi huwa yamewasukuma. Mnayajua haya, mmesoma. Mama wa Barani anayeuza samaki hayajui, na amekaa miaka mingi hapokei Ekaristi.

Kwa wachungaji wenzao wasio na kitubio, shida ni nyingine: binti hana pa kusema. Akimwambia mchungaji, mama mchungaji atajua. Mama mchungaji akijua, Jumatano kwenye kikundi cha maombi cha WhatsApp kutakuwa na ujumbe: “Wapendwa, tumwombee dada yetu mmoja wa kwaya, shetani amemshambulia katika eneo la usafi.” Kwaya ina madada wangapi? Kufika jioni jina limekwisha kujulikana mpaka Watamu. Afadhali msiombe kuliko kuomba namna hiyo.

Ninachokitaka si kikubwa. Msichana mwenye mimba asisimamishwe tena mbele ya kanisa, basi. Kama ni lazima aonywe, aonywe nyumbani, na mwanamke mmoja mwenye kifua cha kutunza siri. Joho lake abaki nalo mpaka mwenyewe aone limebana. Mtoto aombewe Jumapili kama watoto wa wengine. Aliyempa mimba kama ni mtu mzima na binti ni mtoto, mchungaji awe wa kwanza kwenda kituo cha polisi, asiwe wa kwanza mkekani. Serikali iliruhusu wasichana waliozaa warudi shule tangu 1994. Lakini atarudije kama hakuna wa kumshikia mtoto? Ushirika wa akina mama una watu wazima waliokaa nyumbani kutwa nzima, wamelea wajukuu kumi. Huo ndio utume, kuliko vitenge vya sare tunavyoshona kila mwaka kwa kongamano.

Na binti aliyebakwa msimweke kwenye maombi ya kufunga siku tatu. Ana saa 72 tu za kufika hospitali apewe dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi, na kila saa ikipita uwezo wake unapungua. Nambari 116 ni ya watoto, 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, zote hupigwa bure. Ziandikeni nyuma ya karatasi ya ratiba ya ibada, pale mnapoandika nambari ya kutuma sadaka kwa simu.

Wengine wenu mtasema nikiondoa aibu nimefungua mlango wa uzinzi. Nimelisikia hilo hata ndani ya nyumba yangu. Jibu langu ni kwamba aibu tumeitumia tangu nikiwa msichana, kwa ukamilifu, na zahanati zilijaa. Kama ingekuwa dawa, tungekwisha kuona mgonjwa mmoja aliyepona. Anayebaki na hofu kwamba vijana watazidi kuharibika awahubirie vijana wa kiume Jumapili nne mfululizo, kisha tukae tupime.

Najua wachungaji wa mji huu mna siku zenu za kukutana kwa maombi ya pamoja. Nipeni nusu saa katika mojawapo. Nitakuja na muuguzi mmoja ambaye bado yuko kazini, na tutaeleza dalili za hatari, namna ya kumfikisha mgonjwa hospitali na mambo ya kutomuuliza njiani. Hatuhitaji projekta. Nakaa Muyeye, mchungaji wangu anaijua nyumba. Na akiona uzito kunijibu baada ya barua hii, amtume mzee yeyote wa kamati, chai ipo.

Wenu katika Kristo,

Mkunga mstaafu, mshirika wa ushirika wa akina mama,
Malindi